Kiazi cha Majani Matatu

Dada yangu alikufa mchana wa Jumapili, na chakula kilichomuua nilikichimba mimi. Katika ukoo wetu habari hiyo inajulikana kwa namna nyingine. Nimewaacha watu waijue hivyo kwa zaidi ya miaka sitini.

Tuliishi katika shamba la mzungu, kati ya Rongai na miinuko ya Mau, mahali ambapo ukungu hushuka kutoka msituni na kulala juu ya ngano mpaka saa tatu asubuhi. Baba alikuwa amechukuliwa mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Walikuja na lori, wakawapanga wanaume mbele ya ghala, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho akapitishwa mbele yao. Kwa wengine alikaa kimya. Kwa baba aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa shuleni, kidato cha pili. Karo ilikosekana, nikarudi nyumbani na sanduku la bati lenye madaftari, na kwa kuwa nilijua kuandika, bwana alinifanya karani wa maziwa. Asubuhi na jioni nilisimama kwenye mlango wa banda la kukamulia, nikatumbukiza kijiti chenye alama katika debe la kila mkamuaji na kuandika kilichosomeka.

Nyumbani tulikuwa watu wanne. Mama, mimi, dada yangu mkubwa, na binti yake aliyekuwa bado ananyonya. Dada alikuwa ameolewa Olenguruone. Watu wa huko walipofukuzwa, yeye na mumewe walitangatanga miaka kadhaa kutoka shamba hili hadi lile, mpaka mume naye akakamatwa. Alitufikia kwa miguu, mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani. Mama alimpokea sufuria kwanza, akaichungulia ndani, akasema, "Umekuja na nyumba yako yote."

Njaa yetu haikuletwa na ukame. Mahindi yetu yalikuwa karibu na mto, na amri ilitoka kwamba mimea yote mirefu karibu na mto ikatwe, watu wa msituni wasipate maficho. Yalikatwa yakiwa yanatoa mbelewele. Kisha posho ya nyumba ambazo wanaume wao wako kizuizini ikapunguzwa nusu. Wanawake hawakuruhusiwa kutoka kwenye laini za wafanyakazi baada ya saa kumi, na walipokwenda kuni walikwenda na askari wa homgadi nyuma yao. Tulikula mboga za porini, managu, terere na thabai, mpaka zile za karibu zikaisha. Mama na mimi tuliweza kuvumilia. Lakini maziwa ya dada yalianza kukauka, na mtoto alinyonya kisha akaachia titi na kulia kwa sauti nyembamba isiyokuwa na hasira.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Dada ale, ili mtoto anyonye.

Siku moja mama alirudi na mzigo wa kuni, na ndani ya kuni alikuwa ameficha kipande cha mmea unaotambaa. Alikilaza mbele yangu juu ya kigoda. Mama aliniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake mzazi, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo huitwa baba na mama yake tangu akiwa mchanga.

"Baba, tazama hiki."

"Ni mti gani?"

"Si mti, unapanda mti. Uko kando ya mto, pale penye mawe. Nimefukua kwa kidole askari akigeuka. Chini kuna kitu kama kiazi kikuu."

Dada alisema kutoka kitandani, "Kama ni kiazi, mbona mnakitazama badala ya kukipika?"

"Nyamaza wewe. Tumbo lako halina macho."

"Lina meno lakini."

Tulicheka. Kisha tukakichunguza. Kiazi kikuu cha kwetu nilikijua vizuri. Baba alikuwa na mashina manne nyuma ya nyumba, yaliyopandishwa juu ya miti yake, na yalifyekwa pamoja na mahindi. Jani lake ni moja, lenye umbo la moyo, laini na la kung'aa. Hili la mama lilikuwa vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, vyenye vinyweleo kwa chini, na shina lilikuwa na miiba midogo.

"Na kitu kingine," mama alisema. Aliinua kidole akakizungusha hewani. "Cha baba yako hupanda mti hivi, kwa kulia. Hiki kinazunguka kinyume. Kama mtu anayekwepa salamu."

"Mama, mmea haujui kulia wala kushoto."

Nilisema hivyo nikicheka. Miaka mingi baadaye afisa wa kilimo alinieleza kwamba viazi vikuu vya aina mbalimbali hutambuliwa kwa jambo hilohilo, upande ambao shina huuzungukia mti. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, naye aliliona kwa kutazama tu.

Lakini hakuwa na la kuamua. Kwa watu wetu kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Mwanamume hukipanda, hukipandisha mtini, hukichimba. Mwanamke hukipokea kikiwa kimeshafika mlangoni. "Si mimi wa kusema kama kinaliwa," mama alisema. "Baba yako hayupo. Wewe ndiye mwanamume, tena umesoma."

Nilikwenda kwenye sanduku langu la bati. Katika daftari la sayansi kulikuwa na picha niliyoichora mwenyewe ya jani la maharagwe, vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, na alama nyekundu ya mwalimu pembeni. Nililiweka jani la mama juu ya ukurasa. Yalifanana. Nikatangaza kwamba mmea ule ni wa jamii ya maharagwe na hauna madhara.

Mama alilitazama daftari kwa heshima. Kisha akasema, "Lakini maharagwe hayana kiazi."

"Kuna mengine yana."

Sikujua kama yako. Nilisema ili nisionekane nimeshindwa.

Alilichukua jani lake. "Hata hivyo, baba, muulize yule mzee wa ng'ombe. Wale walikula msituni kabla sisi hatujafika na majembe."

Mzee wa ng'ombe alikuwa mtu wa Mau, wa wale wanaojiita Ogiek. Wakati ule sisi sote tulimwita Mdorobo, na tulilitamka neno hilo kama mtu anayeondoa ganda la muwa mdomoni. Alichunga ng'ombe wasiokamwa kwenye malisho ya juu. Alilala peke yake katika kibanda karibu na zizi, na wakamuaji walimtania kwamba anaoa nyuki. Sikupenda kuonekana nikimwuliza jambo. Nilingoja mpaka wengine wakaondoka na madebe, ndipo nikampelekea lile jani.

"Karani! Leo umekuja kupima mimi maziwa?"

"Mzee, unajua kitu hiki?"

Alilishika, akalinusa, akapitisha kidole kwenye miiba. "Hii ni chakula," akasema. "Na ni sumu."

"Haiwezi kuwa vyote viwili."

"Wewe unaweza kuwa karani na kuwa mjinga. Kwa nini hii isiweze?"

Nilitaka kuondoka. Alinishika mkono, akaacha mzaha.

"Sikia. Menya. Kata nyembamba, nyembamba mpaka uone kidole yako upande ile ingine. Weka kwa kikapu, kikapu weka kwa mto, mahali maji inakimbia. Siku tatu, mchana na usiku. Halafu chemsha na majivu, mwaga hiyo maji, chemsha tena. Weka kidogo kwa ulimi. Ikichoma, rudisha kwa mto."

"Nikiweka kwenye debe?"

"Si debe. Maji ikikaa, sumu inatoka na kurudi, inatoka na kurudi. Maji ikikimbia, inabeba hiyo sumu inapeleka huko Baringo."

"Na nyinyi mmekila?"

"Njaa ya wakati wa mama yangu tulikula hii. Alikufa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa na haraka."

Nilimshukuru, lakini moyoni sikumwamini sawasawa. Nilimwamini nusu. Nilidhani siku tatu na mto na Baringo ni mambo ya watu wa kale ambao hawajui kinachofanya kazi ni kipi, kwa hiyo wanashika yote. Nimefikiri sana juu ya ile nusu. Mtu asiyesoma kabisa angemtii yule mzee. Mtu aliyesoma sana naye angemtii. Mimi nilikuwa nimesoma kiasi cha kumdharau tu.

Jumatano mchana nilichimba. Viazi vilikuwa vimeshikana kwenye fundo moja, vina nywele, na ndani vya rangi ya siagi. Mama alimenya, na mimi na dada tukakata. Vipande vyangu vilikuwa vinene kuliko vyao. Dada alikishika kimoja juu akakielekeza mlangoni. "Mama, mwanao anakata matofali."

"Kazi yake ni kalamu," mama alisema, akakirudia kipande kile kwa kisu chake. Lakini hakuweza kuvirudia vyote. Jioni ile, kabla ya saa ya kufungiwa, nilivitia kwenye kiondo, kikapu chetu cha kusuka, nikakipeleka mtoni, nikakizamisha kati ya mawe mawili mahali ambapo maji yalikuwa na nguvu, nikakiwekea jiwe juu.

Alhamisi mchana nyapara alinijia bandani.

"Karani, waambie watu wako wawe kwenye laini mapema. Huko juu homgadi wamekuta gunia la unga limefichwa mtoni. Chakula cha watu wa msituni. Kesho wanapekua mto wote, jiwe kwa jiwe." Alijinyoosha, akatazama kalamu yangu. "Atakayekutwa ameweka chakula kwenye maji, ataenda kumsalimia baba yako."

Sidhani alijua lolote. Alikuwa akitania kama alivyotania kila siku. Lakini niliogopa, nikaandika debe moja mara mbili.

Nani angeamini kwamba kiondo cha viazi kilichozamishwa mtoni ni dawa ya kuondoa sumu? Ningesimama mbele ya ghala niseme niliambiwa na Mdorobo. Nilijua hivyo, na hofu ile ilikuwa na haki yake. Sijilaumu kwa kuogopa. Najilaumu kwa yaliyofuata, kwa sababu baada ya hofu kulikuwa na nafasi ya kuchagua mara nyingi, na kila mara nilichagua vibaya.

Nilikwenda mtoni kama mtu anayeosha ndoo, nikakitoa kiondo, nikakiweka ndani ya debe la maziwa na kukifunika. Katika chumba cha kuoshea vyombo, nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nililijaza debe lile maji na kuviacha viazi humo. Ijumaa niliyabadilisha maji mara moja. Yalikuwa na povu jeupe. Nikajiambia, sumu inatoka. Nikajiambia maji ni maji.

Ningeweza kuvitupa nikachimba vingine wiki iliyofuata. Ningeweza kumwambia mama ukweli, naye angevirudisha mtoni homgadi walipokwisha kupita, maana walipita Ijumaa asubuhi, hawakukuta kitu, wakaenda zao. Ijumaa mchana mto ulikuwa wazi. Lakini kuvirudisha kungekuwa kuanza kuhesabu upya, na mtoto alikuwa akilia, na mimi nilishajionea fahari kwamba nimewashinda homgadi kwa akili.

Jumamosi jioni nilivipeleka nyumbani. Mama alichukua kipande akakinusa.

"Siku zimetimia?"

"Zimetimia."

"Katika mto?"

"Katika mto."

Alivichemsha na majivu, akamwaga maji, akachemsha tena. Aliweka kipande kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. "Kinanichoma kidogo."

"Ni majivu hayo, mama."

Alinitazama. Nadhani kama ningekuwa mwanawe tu, angenipinga. Lakini nilikuwa baba, na kiazi kilikuwa cha mwanamume. Akasema, "Basi nitaonja mimi." Chakula kisichojulikana kwetu huonjwa na aliye mzee katika nyumba, kisha watu hulala juu yake, na kama ameamka mzima wengine hula. Mama alikula kipande kimoja. Najua sasa kwamba kilikuwa kimojawapo cha vile alivyovikata yeye mwenyewe, chembamba kama jani. Akalala.

Jumapili aliamka mzima, akawasha moto akiimba. Dada alikuwa ameshakaa na bakuli. Alikula kama mtu anayefanya kazi, bila kuinua uso. Alipofika katikati akasimama, akasema, "Mtoto, leo utakunywa mpaka ujikojolee," akaendelea. Mama alikula vipande vichache akasema usiku alikula vya kutosha, maneno ambayo akina mama wote huyasema. Mimi nilikula vitatu nikaenda kwenye maziwa.

Nikiwa naandika, midomo yangu ilianza kufa ganzi. Nilidhani ni baridi ya ukungu. Magoti yalikuwa mazito, nikaegemea nguzo. Haikunipita akilini kwamba ni kiazi, au ilinipita nikaifukuza. Siwezi tena kutofautisha.

Niliporudi saa nne, dada alikuwa amekaa ameegemea ukuta, akitabasamu.

"Nimelewa bila pombe," alisema. "Midomo yangu imekuwa ya mtu mwingine."

Mama alicheka kidogo, akaacha. Dada alimtazama mtoto mapajani mwake kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mama, mshike huyu. Mikono yangu imeondoka."

Mama alimshika mtoto. Dada hakuzungumza sana baada ya hapo. Alitapika, na tukafurahi, tukidhani kimetoka. Lakini kope zilimshuka, na kifua chake kilianza kupanda kwa shida, kama mtu anayeinua mzigo, akautua, akauinua tena.

Nilikimbia hadi nyumba ya bwana. Bwana na mkewe walikuwa wamekwenda kanisani Nakuru na wangekula kwa rafiki zao Milimani. Mpishi alinionyesha mahali gari linapokaa, patupu. Nilimwendea nyapara nikamwomba kibali na trekta.

"Amekula nini?"

"Kiazi."

"Kiazi hakiui mtu. Mpe maji. Funguo za trekta anazo bwana."

Ningeweza kusema zaidi. Nilisema kiazi. Niliporudi, wanawake wa laini walikuwa mlangoni, wakanipisha, ndipo nikajua. Mtoto alikuwa bado analia njaa.

Mama alipoulizwa alisema kweli yote aliyoijua. Tulikuta mmea, tukauliza, mzee wa ng'ombe akatuonyesha namna, tukafuata neno kwa neno. Siku tatu mtoni. Habari ilitoka mlangoni kwetu ikiwa hivyo, ikafika mwisho wa laini ikiwa, Mdorobo ameua. Wanaume walikwenda kumchukua malishoni. Mmoja alimtemea mate usoni, na mwingine akamwambia, "Rudi kwa nyani wenzako."

Jioni bwana alirudi, akatusimamisha mbele ya ghala. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia tu, kwa hiyo aliniuliza mimi kwa Kiingereza: je, huyu ndiye aliyewaambia kwamba mmea huu unaliwa?

Nilimtazama yule mzee. Hakuwa amejifuta mate. Alikuwa akiningojea niseme.

"Ndiye," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Alifukuzwa siku iliyofuata. Nilikuwa kwenye lango la ng'ombe alipopita na ngozi yake na kibuyu. Alisimama. Nilidhani atanilaani, na ningefurahi.

"Ijumaa nilipita mtoni," alisema. "Nikaona kikapu hapana. Nikasema, karani amesoma, amepata mahali maji iko nzuri zaidi."

Nilimfungulia lango. Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akashika njia ya kupanda Mau. Sikumwona tena, wala sikumtafuta.

Wiki ile bwana aliamuru tupewe chupa ya maziwa kila siku kwa ajili ya yatima. Aliamuru bila kuombwa, akiwa anapanda gari. Nilikuwa nimeyapima maziwa ya mtu huyo miezi minane, asubuhi na jioni, na sikuwahi kumwambia kwamba nyumbani kwetu kuna mtoto. Niliogopa angefikiri ninaomba kwa sababu ninaiba.

Baba aliporudi kutoka kizuizini, mama alimsimulia kama alivyojua. Baba alisikiliza hadi mwisho, akaniwekea mkono begani, akasema nilifanya yaliyompasa mwanamume. Mkono ule nilitaka kuukata. Mama alikufa akiwa mzee, na mpaka siku za mwisho akipita karibu na mtu yeyote wa Mau alikuwa akivuta shuka yake isimguse. Mama yangu, ambaye ndiye aliyesema tumwulize.

Mtoto aliishi. Alikua, akaolewa, akapata shamba lake dogo si mbali na pale tulipokuwa, shamba la bwana lilipogawanywa. Aliniita mjomba, na alinitunza vizuri kuliko wanangu. Kila mwezi aliniletea viazi na unga. Alilelewa na ile hadithi. Hakumkumbuka mama yake, ila alimkumbuka aliyemuua, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Binti yake mkubwa alipata mchumba, mwalimu kijana, mpole, kutoka upande wa Olenguruone. Wazazi wa kijana walikuja kujitambulisha. Walikuwa Ogiek. Mpwa wangu aliwapa chai, akawauliza habari za njiani, kisha akasema mbele ya wote kwamba nyumba yake haiwezi kuchanganya damu na watu waliomlisha mama yake sumu. Baba wa kijana alisema kwa upole hajui habari hiyo. Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba yupo hapa. Alikuwepo. Mjomba, waambie."

Wote walinitazama. Msichana pia, akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Nilikuwa na zaidi ya miaka sabini. Sikuwa na kazi ya kupoteza, wala hakukuwa na homgadi.

Nikasema, "Yalikuwa mambo ya zamani."

Walimaliza chai yao wakaondoka. Msichana aliolewa baadaye na mtu mwingine, ndoa isiyodumu, na sasa yuko Nakuru mjini na hazungumzi na mama yake.

Mwaka jana nilimwambia mpwa wangu. Nilimwambia yote, debe, magunia ya chumvi, Ijumaa mto ukiwa wazi. Alikuwa anamenya viazi kwa ajili ya chakula changu. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Mjomba," alisema, "yule nimemchukia tangu nianze kusema. Nimeshazoea. Leo unataka nianze upya, na wewe, katika umri huu?"

"Sitaki unisamehe."

"Sijasema kusamehe." Aliosha kisu. "Nilimfukuza baba wa watu kwangu. Nilimpa chai halafu nikamtukana. Ulikuwa umekaa pale pale."

Alivitia viazi kwenye sufuria, akaviwekea maji na chumvi, akaniambia vitahitaji nusu saa. Kisha akachukua shuka yake, akaenda. Nilivila. Mwezi uliofuata alikuja kijana wa bodaboda na unga, akasema ametumwa. Yeye mwenyewe hajaja.